Uvimbe Niliouita Kisu

Wiki iliyopita mliniacha nimelala chali zahanati, shingo imefungwa kola ngumu, baada ya mwanafunzi wangu wa udereva kukanyaga mafuta badala ya breki na kuingia na gari hadi ndani ya duka la kinyozi. Asanteni mlionipa pole. Kuna mama mmoja alinikuta kwenye foleni ya mkate, akanishika shingo mbele ya watu, akaigeuza kulia, akaigeuza kushoto, kisha akasema, "Imepona, mwalimu. Endelea kutuandikia."

Naendelea. Ila leo sitamsingizia mwanafunzi wala kinyozi. Haya ya leo niliyataka mwenyewe.

Yalianza siku niliyorudi kazini. Mwenye shule yetu ya udereva, mwanamke asiyecheka kabla ya saa za kazi kwisha, alituita walimu wote wanne uani, kando ya gari lililobonyea.

"Kuanzia mwezi ujao," alisema, "hakuna mwalimu atakayekaa pembeni ya mwanafunzi bila bima ya afya. Shule inachangia, na familia zenu zimo. Fomu zijazwe, daktari awapime, karatasi ziwe mezani kwangu kabla ya tarehe mosi. Asiyekuwa nayo atafundisha alama za barabarani ubaoni."

Wenzangu waliguna. Mimi nilifurahi.

Binti yetu ana miaka saba na ana pumu. Tunamwita Kasuku, kwa sababu neno likishaingia sikioni mwake lazima litokee mdomoni. Lakini pumu ikimbana, hunyamaza, na nyumba nzima hunyamaza naye. Kwa hiyo niliposikia "familia zenu zimo", sikusikia kingine.

Wakala wa bima alikuja nyumbani Jumamosi asubuhi. Mama wa makamo, mkoba mkubwa kama anahama, kalamu tatu zimechomekwa kwenye nywele. Tulikaa sebuleni: yeye, mimi, mke wangu ambaye ni mwalimu wa chekechea, Kasuku, na baba mkwe ambaye hakualikwa na mtu.

Baba mkwe ni karani wa mahakama mstaafu. Yeye aliiacha kazi, kazi haikumwacha. Ukimwomba akupitishie chumvi mezani, anataka kwanza kujua unaiomba kwa misingi gani.

Maswali manane ya mwanzo yalikwenda vizuri. Shinikizo la damu? Hapana. Kisukari? Hapana. Sigara?

"Aliacha," mke wangu alijibu. "Baada ya mimi kuacha kumruhusu aingie nazo ndani."

Wakala akafunua ukurasa.

"Swali la tisa. Je, umewahi kuwa na uvimbe wa aina yoyote, wa saratani au usio wa saratani, au kufanyiwa upasuaji wowote?"

Hapo, wasomaji, naomba niwarudishe nyuma kidogo.

Miaka kumi na moja iliyopita, kabla sijaoa, uvimbe uliniota kifuani upande wa kushoto. Si mbavuni, si begani. Kwenye titi. Nimelitaja neno lenyewe ili yaishe. Ulianza kama punje ya harage, ukaendelea hadi ukubwa wa yai. Wakati huo nilikuwa nakaa chumba kimoja na vijana wenzangu watatu. Siku moja mmoja aliniona nikijifuta maji, akanipachika jina hapo hapo: Mama.

Wiki nzima nikawa Mama. "Mama, chai iko wapi?" "Mama, mbona umenuna?"

Nilihama chumba kile, na nikaapa sitavua tena shati mbele ya mtu. Dada yangu mkubwa ndiye aliyenikokota hospitali. Uvimbe ukatolewa, ukapelekwa maabara. Majibu alikwenda kuyachukua yeye, mimi miguu ilikataa. Akarudi, akasema, "Ni mafuta tu. Si saratani. Futa machozi tule."

Ikawa siri ya watu wawili.

Mwaka uliofuata nilikwenda mara ya kwanza kwa wazazi wa mchumba wangu. Nikakuta gari la mzee limegoma. Nikataka kuonyesha kwamba naweza kitu. Nilivaa shati jeupe la kuazima, nikalivua nisilichafue, nikaingia chini ya gari. Kiapo nilikikumbuka nilipotoka, mzee akiwa amekikodolea macho kifua changu.

"Hilo kovu la nini, kijana?"

Mchumba wangu alikuwa hapo. Mama yake alikuwa hapo. Majirani wawili walikuwa wameegemea ukuta wakingoja kuona kama gari litawaka. Neno "titi" lilifika kooni, likaketi.

"Kisu, mzee," nikasema.

Na ilikuwa kweli! Nilitaka kuishia hapo.

"Mwizi?" aliuliza mzee, na macho yakaanza kumng'aa.

Nikanyamaza. Dhambi yangu nzima ndiyo hiyo. Nilinyamaza, na mzee akauchukua ukimya wangu akauita unyenyekevu. Siku hiyo mwizi alikuwa mmoja. Siku ya harusi walikuwa wawili. Kasuku alipozaliwa walishafika wanne, mmoja na shoka, na mimi nilikuwa nikimwokoa mpita njia asiye na mtetezi. Baba mkwe akaanza kuniita Komando. Mtaa ukafuata. Hata wanafunzi wangu wa udereva, kabla hawajaniingiza ukutani, huniita Komando.

Sasa turudi sebuleni. Kalamu ya wakala iko juu ya karatasi.

"Swali la tisa, baba?"

"Hapana," nikasema.

Baba mkwe alikohoa. "Andika kisu."

"Fomu haiulizi kisu, mzee."

"Basi fomu ina upungufu."

Wakala alinipa kalamu niweke sahihi, lakini hakuiachia.

"Nawakumbusha wote jambo moja," alisema. "Tukija kugundua jibu la uongo, hata moja tu, mkataba mzima unafutwa. Wa baba, wa mama, wa mtoto."

"Wa mtoto," Kasuku akarudia.

Nikaweka sahihi. Mkono uliandika, mimi nikiutazama kama mkono wa mtu mwingine.

Jumatano tukaenda kupimwa, familia nzima. Daktari wa kampuni alikuwa bibi mwenye miwani minene na vidole vya baridi. Alimpima Kasuku mapafu, akampima mke wangu, kisha akanigeukia.

"Vua shati."

Nikavua taratibu, kama mtu anayefungua barua ya kufukuzwa kazi.

"Na hili?"

"Kisu," Kasuku alimjibu kabla sijafungua mdomo. "Baba aliwapiga wezi wanne. Mmoja alikuwa na shoka."

Daktari akavuta taa karibu. Akachukua rula. Akalipima kovu, akaliinamia, akahesabu kimoyomoyo.

"Limenyooka," alisema. "Limefuata mkunjo wa ngozi. Mishono kumi na moja, yote imelingana." Akanitazama juu ya miwani. "Huyo mwizi alisomea wapi?"

"Kulikuwa na giza, daktari."

"Na tena gizani! Ningempa kazi kesho."

Mke wangu alinitazama. Nami nikajifanya nasoma bango la chanjo lililokuwa ukutani. Daktari hakuwa na haraka. Alizima taa, akakaa, akafunga mikono.

"Kuna jambo ungependa kuniambia?"

Nafasi ndiyo hiyo. Nilipewa kwenye sahani. Lakini kushoto kwangu alikuwa mke wangu wa miaka tisa, na mbele yangu Kasuku, amekunja ngumi akionyesha jinsi nilivyompiga yule wa shoka.

"Hapana," nikasema.

Daktari akaandika, akasoma kwa sauti: "Jeraha la kisu, kwa maelezo ya mwombaji. Ripoti ya polisi iletwe."

"Ripoti ya polisi?" nikauliza.

"Watu wanne kumchoma mwenzao kisu kifuani ni jambo ambalo kwa kawaida polisi huliandika."

Hatujafika nyumbani, Kasuku alikuwa ameshachukua simu ya mama yake na kumweleza babu yake kila kitu, pamoja na rula. Nilimsikia mzee upande wa pili akisema maneno mawili ambayo tangu siku hiyo yakitajwa mbele yangu natafuta mlango.

"Niachieni mimi."

Kesho yake Alhamisi, nikiwa barabarani na mwanafunzi anayeogopa mizunguko ya barabarani, simu ikalia. Shuleni kwa Kasuku. Amebanwa.

Nilimshusha mwanafunzi njiani, sikumbuki hata nilimwambia nini. Nilimkuta binti yangu kwenye benchi la ofisi ya walimu, mabega juu, mdomo wazi, amekishika kile kichupa cha kupulizia kwa mikono miwili. Nikapiga magoti mbele yake. Nikamhesabia pumzi kama tulivyofundishwa. Moja. Mbili. Taratibu. Moja. Mbili. Hakurudia hata namba moja.

Ilichukua muda. Mabega yakashuka. Rangi ikarudi midomoni. Neno lake la kwanza likawa: "Baba, bima ikija, yule daktari wa mapafu ataniona mimi au atakuona wewe na kisu chako?"

"Atakuona wewe," nikamwambia.

Nilisema hivyo nikijua kwamba kwa ile "hapana" yangu moja, hatamwona.

Ijumaa asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa wakala wa bima. Alikuwa bado anachomeka kalamu kwenye nywele.

"Nina jambo," nikasema. "Naomba nifunge mlango."

"Umeua?"

"Nilikuwa na uvimbe."

"Wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole, juujuu, kama mtu anayefukuza nzi.

"Kwenye titi!" alisema, kwa sauti iliyofanya karani wa chumba cha pili aache kugonga mihuri.

Nikamweleza yote: yai, Mama, dada, shati la kuazima, wezi waliokuwa wakizaliana. Alisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza, alichomoa kalamu moja kichwani akaiweka mezani polepole.

"Miaka kumi na moja umekaa na hili?"

"Ndiyo."

"Baba, mimi watu huniletea mioyo iliyochakaa. Huniletea figo, maini, mapafu kama nyavu. Wewe umeniletea mafuta."

Sikujua kama nicheke.

"Sikiliza," akaendelea, na sauti ikawa ya kazi. "Uvimbe usio wa saratani, ulitolewa, haukurudi, huo hauzuii kitu. Nauandika, wakubwa wanausoma, yanaisha. Kinachozuia ni uongo. Bahati yako mkataba haujaanza. Niletee karatasi ya maabara kutoka hospitali uliyopasuliwa, turekebishe jibu la tisa, uweke sahihi upya. Ungekuja baada ya mtoto kuanza matibabu, tungezungumza kwa lugha nyingine."

Jumatatu asubuhi nikaenda hospitali ile. Sikuwa nimekanyaga pale tangu nitolewe nyuzi. Chumba cha majalada kilikuwa chini, nyuma ya mahali pa kufulia mashuka, na mtunzaji wake alikuwa mzee mwembamba aliyevaa glovu za kazi kama mtu anayepalilia. Alipanda ngazi, akashuka. Akapanda nyingine, akapiga chafya, akashuka na jalada la kijivu.

"Ndiyo wewe?" aliuliza, akifungua. Kabla sijajibu alishaanza kusoma kwa sauti ya msomaji wa habari. "Saa mbili asubuhi: mgonjwa ameingia chumba cha upasuaji. Saa mbili na dakika tano: mgonjwa ameomba ashikwe mkono. Ameshikwa. Saa mbili na dakika saba: mgonjwa ameomba na mkono wa pili ushikwe."

"Mzee, nahitaji karatasi ya maabara tu."

"Saa mbili na dakika tisa," aliendelea, "daktari ameomba mgonjwa arudishiwe mkono mmoja, nesi anahitajika."

Watu wawili waliokuwa wakingoja nyuma yangu walianza kutikisika mabega. Nikajisemea: Komando, leo umefika.

Mwishowe aliipata. Karatasi moja, imegeuka rangi kwenye kingo. Alinipa nihakikishe kabla ya kupiga nakala.

Nataka kuwaambia jambo ambalo hata dada yangu halijui. Karatasi ile sikuwahi kuisoma. Aliisoma yeye, akaniambia ni mafuta. Nikaitikia. Lakini dada yangu ni mtu wa kukulinda. Aliwahi kuniambia paka wetu amehamia kwa jamaa. Kwa hiyo miaka yote kumi na moja, kila nikikohoa siku tatu mfululizo, kila nikipungua mkanda tundu moja, kuna sauti ndogo ilikuwa ikiniuliza: na kama habari hii nayo ilikuwa ya paka?

Nilisoma nikiwa nimesimama. Uvimbe wa mafuta. Umetolewa wote. Hakuna dalili ya saratani.

Nikasoma tena. Kisha nikatafuta benchi nikakaa, na mtunza majalada aliyekuwa akinitania akavua glovu moja akaniletea maji bila kusema neno.

Saa sita nilikuwa kwa wakala. Tukafuta "hapana", tukaandika "ndiyo", tukaambatisha karatasi. Aliposoma habari ya mikono miwili, ambayo mtunza majalada aliipigia nakala bila kuombwa, aliinamisha uso mezani kwa muda mrefu. Nikaweka sahihi. Safari hii mkono ulikuwa wangu.

Nilitembea kurudi nyumbani nikipanga maneno. Kwanza ningemwita mke wangu pembeni. Ningeanza na dada, kisha yai, kisha shati jeupe. Atakasirika, halafu atacheka, au atacheka halafu atakasirika. Yoyote sawa.

Nikafungua mlango.

Baba mkwe alikuwa amesimama katikati ya sebule, amevaa tai. Kwenye kochi alikaa mzee wa watu, nadhifu, kofia magotini, macho mekundu.

"Komando," baba mkwe alisema, "shikilia kitu."

"Kuna nini, mzee?"

"Ripoti ya polisi haipatikani. Ila mimi sikukaa mahakamani miaka thelathini nikihesabu nzi. Nimeingia chumba cha majalada ya zamani, nimetafuta kesi za visu za mwaka wako. Nimeipata! Fundi saa mmoja alivamiwa na wezi, akaokolewa na mtu aliyekimbia bila kutaja jina. Mwaka ni ule ule. Nani mwingine angekimbia bila kutaja jina, kama si mkwe wangu mnyenyekevu?" Akanyoosha mkono kuelekea kochi. "Fundi saa, huyu hapa."

Mzee yule aliinuka. Akanikumbatia, akanikumbatia kweli, kofia yake ikanibonyea tumboni.

"Mwanangu," alisema, "miaka kumi na moja nakutafuta nikushukuru."

Wasomaji, mwalimu wa udereva hufundishwa kwamba mguu mmoja uwe tayari kwenye breki siku zote. Nilitafuta breki. Haikuwepo.

"Na hati ya kiapo," baba mkwe aliongeza, "tumeapa mimi na yeye mbele ya wakili, na leo saa tatu asubuhi nimeikabidhi dirishani kwa watu wa bima. Wamenigongea muhuri."

"Umeshaipeleka?"

"Usinishukuru."

Mke wangu akatokea mlango wa jikoni na sinia la chai, Kasuku nyuma yake. Na hapo hapo, simu yangu ikaanza kulia.

Nikaona ni wakala. Nikataka kutoka nje.

"Ni bima?" Baba mkwe aliichukua simu mkononi mwangu, akabonyeza, akaiweka mezani. "Sauti kubwa. Tusikie wote."

"Baba," sauti ya wakala ikajaa sebuleni, "nina karatasi mbili hapa mezani zinazogombana. Moja imepita dirishani asubuhi, inasema kovu ni la kisu cha mwizi, ina viapo viwili. Ya pili ni hii uliyoniletea mchana. Moja naipeleka kwa wakubwa leo, nyingine inarudi ilikotoka. Nipeleke ipi?"

"Ya pili inasema nini?" baba mkwe aliuliza.

"Hilo atasema mwenyewe," wakala alijibu. "Nangoja, baba."

Nilimtazama fundi saa, bado ameshika mkono wangu. Nikamtazama mzee na tai yake. Nikamtazama Kasuku, kifua chake kikipanda na kushuka bila taabu, kitu ambacho watu wengi hawakioni kwa sababu hawajawahi kukihesabu.

"Peleka ya hospitali," nikasema.

"Hospitali ipi?" mzee alishtuka. "Pale walipokushona?"

"Sikuchomwa, mzee. Nilikuwa na uvimbe. Kwenye titi. Ukatolewa."

"Kwenye titi," Kasuku akarudia.

"Lakini ulisema kisu!"

"Kilikuwa kisu. Cha daktari."

"Na wezi?"

"Wezi ni wako, mzee. Mimi sikuleta hata mmoja."

Sauti ya wakala ikarudi, safari hii ya upole: "Asante, baba. Kwa upande wangu imepita, na ya mtoto nayo imepita. Ya mzee nitairudisha kwa posta." Simu ikakatika.

Baba mkwe aliketi. Alilegeza tai kwa kidole kimoja. "Nimeapa," alisema, si kwetu, kwa zulia. "Mimi. Nimeapa mbele ya wakili."

Nikamgeukia mke wangu. Nilikuwa tayari kwa hasira, kwa kicheko, hata kwa sinia lenyewe kichwani. Hakunipa chochote. Aliweka sinia mezani, akapanga vikombe vizuri kuliko vilivyohitaji kupangwa, akarudi jikoni na Kasuku. Nilitamani angenitukana.

Fundi saa alikuwa ameuachia mkono wangu.

"Basi ni nani?" aliuliza, kama mtoto. "Mvua ilikuwa kubwa. Walikuwa wawili, mmoja na kisu. Akaja mtu, koti la mvua, kofia ya koti imeshuka mpaka machoni. Hakupiga mtu. Alipaza sauti tu, na yule mwenye kisu akakidondosha, wakakimbia. Akanisimamisha, akaondoka. Uso sikuuona."

"Kwenye hati tuliandika kijana shujaa," baba mkwe alisema kwa unyonge.

"Wewe ndiye uliyeandika. Mimi nilisema mtu."

"Ni lugha ya mahakama."

Nilikuwa nafungua mdomo kumwomba mzee wa watu radhi, pale sauti ya mke wangu ilipotoka jikoni. Kasuku, naamini, alikuwa ameamua kujikatia mkate.

"Weka chini kisu hicho! Sasa hivi! Nyumbani kwenu hamkufundishwa adabu?"

Kikombe kilianguka. Nilipogeuka, fundi saa alikuwa amesimama wima, mikono yote miwili juu, chai inamtiririka surualini.

"Maneno hayo hayo," alinong'ona. "Hata hilo la nyumbani kwenu."

Mke wangu akatoka jikoni na kisu cha mkate mkononi. Alimtazama mzee yule vizuri, kama mtu anayesoma kibao cha mtaa aliowahi kupita zamani. Kisha akaweka kisu juu ya kabati.

"Mkono wako ulipona, mzee?" aliuliza.

Hakuna aliyekuwa ametaja mkono. Fundi saa akashusha mikono, akakunja mkono wa shati polepole. Kovu lilianza kwenye kifundo likapanda, baya, limepinda, halijui mshono.

Nimeoa miaka tisa. Najua mke wangu anapenda chai yake ikoje, najua anavyokoroma akiwa na mafua. Nilimtazama kama mtu niliyekutana naye kwenye lifti.

Baba mkwe alikuwa amesahau kiapo chake.

"Haiwezekani," alisema. "Mwaka ule ulikuwa chuoni. Mji mwingine kabisa. Ulikuwa ukiniandikia barua kila Jumapili kutoka bwenini. Mtaani kwa huyu bwana ulikuwa unafanya nini?"

Mke wangu alifungua mafundo ya aproni, akaikunja mara mbili.

"Kasuku," alisema, "nenda kacheze nje."

Alingoja mlango ufungwe. Akavuta kiti. Akaketi akinitazama mimi, si baba yake.

"Na wewe," akaniambia, "kaa."